Kete Nyuma ya Babu

Tangu Mwalimu Felicitas Kahangwa aondoke, chekechea moja pale Nyanga ina ukimya wa aina yake ifikapo saa nne, uji ukishanyweka. Watoto wapo, na kelele zao zipo. Kinachokosekana ni mlio mdogo wa dadu la mti likibingirika juu ya ubao, na zile sekunde mbili tatu ambapo vichwa vyote viliinama pamoja kutazama limetua wapi.

Ubao huo aliutengeneza kwa mikono yake. Alizaliwa Kishanda, wilayani Muleba, binti wa seremala, na alijua kushika randa kabla hajajua kushika kalamu. Alipoanza kufundisha watoto wa miaka mitano aliona kwamba namba alizoandika kwa chaki ziliwapita tu. Akachukua kipande cha plaiwudi, akachora njia ya vyumba arobaini: inaanzia mlangoni pa nyumba, inakatiza kwenye migomba na mikahawa, inashuka kisimani, inapanda hadi sokoni. Kete zilikuwa vizibo vya soda vilivyopakwa rangi. Unarusha dadu, unahesabu, unasogea, na anayefika sokoni kwanza ndiye mshindi. Kila Ijumaa mtoto mmoja aliubeba kwenda nao kwao, akacheze na wakubwa wake. Jumatatu ubao ulirudi ukinuka moshi wa jikoni.

Mwaka mmoja palikuwa na mtoto aitwaye Kokubanza, ambaye wote walimwita Koku. Alikuwa akiishi na mama yake, Annastella, kwa babu yake mzaa baba. Mwezi wa kumi na moja mwalimu mkuu, Mwalimu Magdalena, alicheza na kila mtoto kwenye ubao ili aamue nani aende darasa la kwanza. Koku alirusha tano, akasogea vyumba viwili. Akarusha nne, akasogea kimoja.

"Huyu bado," Mwalimu Magdalena alisema. "Atabaki mwaka mwingine."

"Lakini akicheza na wenzake anahesabu vizuri, mwalimu. Juzi kawashinda."

"Felicitas, nimeona kwa macho yangu. Tano hajui. Nakupa wiki tatu, kisha nafunga orodha."

Felicitas alirudi darasani moyo mzito. Yeye mwenyewe aliwahi kurudishwa darasa, kwa sababu alijua Kihaya tu, na mwalimu alidhani hajui kitu. Hakusahau asubuhi ile aliyowatazama wenzake migongo wakiingia chumba kingine. Lakini zaidi ya uchungu alikuwa na swali lililomkosesha raha: tano ya mtoto huyu ilikuwa inapotelea wapi?

Ijumaa mbili mfululizo alimpa Koku ubao. Jumatatu zote mbili Annastella aliuleta na salamu zilezile: wamecheza sana, na mzee ameshinda yote. Jumamosi ya mwisho kabla ya orodha, Felicitas alikwenda mwenyewe na ubao.

Mzee Rutashobya, babu yake Koku, alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akajiweka sawa kwenye kiti chake.

"Karibu ushuhudie, mwalimu. Hapa nyumbani hakuna wa kuniweza."

"Ametutambia mpaka tumechoka," alisema Annastella kutoka mlangoni, akimenya ndizi. "Juzi kawasimulia mpaka wazee wenzake kanisani."

"Waache wajue!"

Walianza. Felicitas alitazama tu kidole kidogo cha Koku. Kete ya babu ilipokuwa nyuma, Koku alihesabu bila kukosea hata chumba kimoja. Kisha mzee akapata sita, akatangulia. Koku akarusha tano. Akahesabu tatu, akaweka kizibo chake chumba kimoja nyuma ya cha babu, akaketi kwa utulivu kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Koku," Felicitas aliuliza polepole, "dadu limesema ngapi?"

"Tano."

"Na wewe umekwenda ngapi?"

"Tatu."

"Mbili ziko wapi?"

Koku alimtazama babu yake, akashusha sauti. "Mbili ziko kwa babu. Nikienda tano nitampita."

Kisu cha Annastella kilisimama. Ndani ya nyumba ile mtoto hapiti mbele ya mtu mzima hivihivi, na hakuna aliyefikiri kumwambia Koku kwamba njia ya kwenye ubao ina sheria nyingine. Alikuwa akihesabu mara mbili: kwanza hesabu ya dadu, kisha hesabu ya adabu.

"Ala!" mzee alisema. "Kumbe wiki zote hizi nimeshinda kwa heshima!"

"Na majigambo yote yale, baba!" Annastella alicheka hadi akakaa chini.

Mzee naye alicheka kidogo. Alimvuta mjukuu wake karibu. "Ukiwa na haraka njiani, na mkubwa yuko mbele yako, unafanyaje?"

"Naomba kupita."

"Haya, niombe."

"Babu waitu, naomba kupita," Koku alisema, akiongeza lile neno la Kihaya la kumheshimu mkubwa.

"Pita, mama."

Koku alisukuma kizibo vyumba viwili mbele, taratibu, akimwangalia babu usoni kuona kama kuna kitakachoharibika.

Jumatatu, mbele ya Mwalimu Magdalena, Koku alipata sita, na kete ya mwalimu mkuu ilikuwa vyumba vinne mbele.

"Mwalimu, naomba kupita."

Mwalimu Magdalena alimtazama Felicitas, hakujua anaombwa nini. Koku naye alisubiri, kidole juu ya kizibo. Felicitas alitamani kumjibia, akajizuia.

"Pita," mwalimu mkuu alisema mwishowe.

Koku alihesabu kwa sauti, moja hadi sita, akapita. Ndipo Felicitas alipoeleza yote. Mwalimu Magdalena alisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Wangapi nimewarudisha hivi?" aliuliza. Hakumwuliza Felicitas hasa. Kisha akaliandika jina la Kokubanza kwenye orodha.

Swali lile halikumwacha Felicitas. Alianza kuwafuata watoto makwao kila Jumamosi, akitazama wanavyocheza na wakubwa, akiandika aliyoyaona katika daftari. Baada ya mwaka mmoja aliposikia kwamba chekechea ya kwao imekosa mwalimu, na kwamba watoto wengi huko wanarudishwa, aliomba nafasi hiyo, akaondoka na ubao wake.

Leo Felicitas anafundisha Kishanda, ana watoto thelathini na mmoja, na anakaa katika nyumba aliyoiacha baba yake.