Nafasi Kushoto kwa Mwajuma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya chekechea huko Muhuta, nilikabidhiwa mkeka, chaki na watoto wanaolia. Direktrisi, mkuu wa shule ile, mama mkali kama pilipili, alinifundisha koseri, yaani mazungumzo ya asubuhi, watoto wakikaa duara na kushikana mikono. "Duara likikatika usianze somo," aliniambia. "Tafuta kwanza nani anaogopa nini." Ninyi walimu vijana mnaopenda kubandika picha ukutani, shikeni hilo kwanza.

Nilipohamishiwa Rumonge, duara langu lilikatika kila asubuhi mahali palepale, kushoto kwa mtoto aitwaye Mwajuma. Shavuni alikuwa na alama ya kuzaliwa, nyeusi, yenye ncha tano. Dada yake alizama ziwani wakati mama yao ana mimba ya Mwajuma, na mtaa ukasema huo ni mkono wa marehemu, ipo siku atamvuta mdogo wake. Mama mtu aliamini. Alimwosha uso kwa kitambaa, vidole vyake visiguse shavu lile.

Nilimwomba mtoto mmoja asogee, azibe nafasi. Alikataa kwa adabu kabisa.

"Hapana, Madamu. Pale iko mutu."

Nikakaa mimi. Sitawadanganya: ubavu wangu wote uliingiwa na baridi, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Direktrisi wa Rumonge alishauri mtoto afungwe kitambaa. Nilikataa, kwa sababu kinachofichwa huota meno kichwani mwa watoto. Nilifanya kama kazi yetu inavyotaka. Kitu nilikiita kwa jina lake: alama ya kuzaliwa, ngozi iliyopata rangi zaidi, haiumi wala haiambukizi. Nikamwambia Mwajuma kuwa shavu ni lake, yeye ndiye atakayeamua nani aliguse. Kisha kila mtoto akatafuta alama yake mwenyewe. Mmoja alionyesha kovu la mawese ya moto, mwingine doa la mgongoni, wakacheka sana. Lakini nafasi ilibaki wazi, na Mwajuma aliendelea kuimegea mkate wake.

Asubuhi moja mama yake alikuja kumchukua. Mganga alikuwa amekubali kuichoma ile alama kwa dawa. Niliogopa, maana dawa hizo nilishaona zinavyoacha uso wa mtu. Sikubishana naye habari za wafu. Ziwa letu lina mengi, mimi ni nani? Niliuliza tu kama amewahi kuishika. Akatikisa kichwa.

"Mama," Mwajuma akasema, "mimi nakupa ruusa. Shika."

Mama alitoka mlangoni, akamsogelea. Kisha akaweka kiganja chote juu ya shavu, akalia kilio alichokuwa nacho tangu msiba. Kwa mganga hawakwenda. Kesho yake watoto walifunga duara bila kuambiwa na mtu.

Sasa nimestaafu, na wenzangu hunitania kwamba nilifundisha mizimu. Mimi nilifundisha kwamba ngozi ni ngozi, na bado nasema hivyo. Juzi Mwajuma alikuja kunisalimia, msichana mkubwa, uso wazi, kicheko tele. Nikamuuliza anakumbuka nini cha siku ile.

"Mukono ya mama ilikuwa ya moto," alinijibu. "Dada akaondoa yake."