Kiatu cha Bibi Kiko Kazini

Juzi nilirudi Murukulazo, kijiji nilichokulia. Pale mteremko unapoanzia, kijana wa bodaboda alizima injini ili aokoe mafuta, tukashuka kimya kimya, upepo ukivuma masikioni. Wee! Machozi yakanitoka, nikamwambia ni vumbi. Vumbi lenyewe halikuwepo, maana siku hizi pale pana lami.

Utotoni mwetu, rafiki yangu, mteremko ule ndio uliokuwa uwanja wa mashindano ya vigari. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, malori ya chakula yakipita tangu asubuhi kwenda makambini, nasi tuliyapenda kwa sababu zetu wenyewe: yalikuwa yanaharibika. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa malori, na beringi zilizokufa alizirusha nyuma ya banda lake. Ukipata beringi, ubao na kamba, basi, wewe ni dereva. Zangu nilizipata kwa kumchotea maji likizo nzima. Ubao ulitoka kwenye kitanda kibovu, na kamba ya mkonge niliifunga kwenye mti wa mbele, ule ulioshika beringi, ili niweze kukata kona. Tulipaka beringi mawese yaliyoganda kwenye chungu cha maharage, kwa hiyo kila kigari kilinukia maharage.

Ila mwalimu, aliyekuwa akiishi pale kwenye kona, alitoa amri: asiye na breki hashuki. Breki ilikuwa kipande cha tairi kilichopigiliwa kwenye mti mwingine wa pembeni. Ukiuvuta, tairi linasugua barabara. Wenzangu walikuwa na baba zao, na baba zao walikuwa na katambuga, vile viatu vya matairi, zilizochakaa. Kwetu tulikuwa wawili tu, mimi na bibi, aliyenivusha kutoka Burundi nikiwa mgongoni. Katambuga zilikuwa jozi moja, nazo zilikuwa miguuni mwake.

Sikumwomba. Haki ya Mungu, sikumwomba. Nilikaa nyuma ya nyumba nikichambua maharage huku nalia. Alikuja, akavua cha kushoto, akaniwekea mapajani.

"Bibi, wewe utavaa nini?"

"Mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kirundi, "ukifia huko bondeni, mimi viatu nitavivaa niende wapi?"

Jumapili akaenda kanisani na kiatu kimoja. Angevua vyote viwili nani angemtazama? Wengi walienda pekupeku. Lakini yeye alisema kilichobaki hakina kosa. Mlangoni mwalimu akamwamkia, "Shikamoo mama. Kiatu kimepotea?"

"Marahaba, mwalimu. Hakijapotea. Kiko kazini, kinafunga bleki."

Watu walicheka hadi ndani. Aibu niliyoisikia siku ile! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na gauni langu la Jumapili. Ibada nzima sikuinua macho, nikawa natazama vidole vyake vya mguu wa kushoto, vyeusi kwa udongo wa shambani.

Siku ya mashindano nilikuwa msichana peke yangu. Beringi zililia juu ya changarawe, wavulana wawili mbele yangu, nami nawakaribia. Tulipofika kwenye kona, kina mama waliojitwika kuni wakaanza kuvuka kwenda kambini. Wale wawili walikuwa wameshapita. Nilivuta mti kwa mikono yote, raba ikanuka kuungua, kigari kikasimama karibu kabisa na kanga ya mama wa mwisho. Alinitazama, akasema neno la Kirundi la kushukuru Mungu, akaenda zake. Wenzangu wote wakanipita.

Nikafika wa mwisho. Na nani anapiga vigelegele kule chini? Bibi, mguu mmoja juu ya mwingine kwa sababu changarawe ilikuwa ya moto. Kijiji kizima kikautazama mguu ule, kisha kikanitazama mimi.

Mvua zilipoichimba barabara, mashindano yakaisha. Nikang'oa kiatu nikamrudishia. Kisigino kilikuwa kimelika na kashata za tairi, yale meno yake, zimefutika. Alikivaa hivyo hivyo, akawa anatembea kwa kulalia upande mmoja, na njiani ulimjua kwa nyayo zake: mguu mmoja una kashata, wa pili laini. Watoto walizifuata wakicheka. Mimi nikitoka shule nilitembea nyuma yake nikizifuta kwa unyayo wangu, moja moja, watu wasizione.

Makambi yalifungwa, malori yakaisha, na beringi zikaisha nayo. Bibi naye amelala kule juu, kwenye migomba. Juzi nilimwambia kijana wa bodaboda asimame kwenye kona. Nikashuka, nikapita pembeni mwa lami pale palipobaki udongo kidogo, nikiinama kama mtu aliyedondosha kitu.

"Umepoteza nini, dada?" akaniuliza.

Nikaupapasa udongo kwa kiganja. Nilichokuwa nakitafuta nilikwisha kukifuta mwenyewe.