Kingamwili Yetu Mbele ya Wakaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ndogo ya malaria upande wa Kombewa, Mkuu wa Maabara alinionyesha slaidi iliyong'aa kijani chini ya darubini.

"Unaona nini, Achieng'?"

"Vimelea vya malaria, Daktari."

Akatikisa kichwa. "Unaona rangi. Kama ni vimelea, hilo tutalithibitisha."

Ndivyo nilivyojifunza kazi ya kingamwili, wale askari wa mwili tunaowatia rangi ili watuonyeshe protini tunayoitafuta iko wapi. Taabu ni kwamba kingamwili nyingine hunasa chochote, kama magugu ya ziwa yanavyong'ang'ania wavu.

Baadaye nilihamishiwa Kisumu mjini, chini ya Mratibu wa Utafiti, bwana mpole asiyepandisha sauti. Huko tuliona protini ya vimelea juu ya ngozi ya chembe za damu, mahali ambapo hatukuitarajia. Wakaguzi wa ng'ambo, waliotumwa na wafadhili, wakasema kingamwili yetu inatudanganya. Tusipowajibu, mradi unafungwa.

"Mama Achieng', tutawajibu vipi?" Mratibu akaniuliza.

"Kwa jaribio la kuzuia, Bwana. Kingamwili yenyewe itoe ushahidi."

Tulichukua kipande cha protini ileile, kilichotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni yake, tukakichanganya na kingamwili kabla ya kuitia kwenye slaidi ya kwanza, yenye damu ya mgonjwa wa malaria. Kingamwili ikishashikana na kipande hicho, haina nafasi ya kushika kingine. Rangi inapaswa kuzimika. Slaidi ya pili, ya damu ileile, ilipata kingamwili iliyochanganywa na kipande cha protini isiyohusika. Hiyo ilipaswa kung'aa, la sivyo tungekuwa tumeiharibu kingamwili. Ya tatu ilikuwa damu isiyo na malaria, tukaitia kingamwili peke yake; nayo ilipaswa kubaki giza.

Nikainama kwenye darubini. Ya kwanza, giza. Ya pili, kijani tele. Ya tatu, giza. Nikampisha Mratibu. Aliangalia, akatoka hadi koridoni, kisha tukamsikia akipaza sauti: "Waiteni wote! Waje waone!" Tulikumbatiana, tukaimba, hata mlinzi wa lango akaja kucheza.

Wakaguzi wakakubali. Mradi ukaendelea mpaka nikastaafu.

Sasa naishi Otonglo. Majuzi mwanafunzi wa Maseno aliniuliza, "Mama, hukuogopa kwamba slaidi zingeonyesha wakaguzi wako sahihi?"

"Niliogopa sana, nyathina," nikamwambia. "Mwanangu, jaribio lisiloweza kukushinda haliwezi kukupa ushindi."