Heshima kwa Mama Mkwe

Fundi wangu wa Kahama husema gari langu halihitaji dereva, linahitaji mchungaji wa kuliombea. Kati ya maradhi yake mengi, milango ya nyuma haifunguki kwa ndani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namrudisha mama mkwe Runzewe. Alikaa nyuma, kama heshima ya ukwe inavyotaka, na kila gari lilipozima nilishuka, nikazunguka mbio na kumfungulia anyooshe miguu. Mara ya pili akanitazama upya. Tangu siku ya posa alikuwa akiniona msomi asiye na adabu.

"Kumbe umelelewa, Baba Neema!"

Ningeweza kusema ukweli. Niliinamisha kichwa tu, kama mtakatifu.

Gari lilipozima mara ya tatu, akawapigia simu wenzake wa kwaya. Tukawakuta wamejipanga uani kwake. Mama mkwe hakugusa kitu. Alikaa wima, mkoba mapajani, akasubiri.

"Mtazameni mkwilima wangu!" akawaambia kupitia dirisha.

Nikawaamkia wote, nikazunguka gari, nikavuta kitasa kwa madaha. Kikagoma. Nikavuta tena, safari hii kwa nguvu za shahada zangu mbili. Mlango mzima ukang'oka, nikarudi nao kinyumenyume hadi kwenye banda la kuku.

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Mama mkwe, akiwa bado ameketi, akalikagua lile tundu kubwa ubavuni mwake, kisha akajaribu kufungua mlango wa pili kwa ndani. Haukufunguka.

"Baba Neema," akasema polepole, "kwa hiyo siku nzima lilikuwa gari?"