Leo trauti amenijia bila chambo

Leo nimeshika trauti, yule samaki wa mito baridi ya mlimani, kwa mkono. Msinipongeze.

Jana hapa mtaani Chechelesi nilibishana na rafiki yangu Guyo jioni nzima: tufunge nzi bandia gani kwa ndoano kama chambo, wa manyoya meusi ama ya kahawia? Mimi nilisema meusi, maji ya juu mlimani ni safi, samaki atamwona vizuri.

Leo asubuhi tukapanda hadi mtoni kule mlimani.

Maji hakuna! Mawe tu, na kidimbwi kimoja kama karai.

Trauti alikuwa humo, amelala ubavu, anahema.

Guyo, ambaye kwao hata hawali samaki, aliinama kumtazama.

"Wallahi, huyu hahitaji ndoano."

Nikamwinua. Hakupigana hata kidogo.

Mnanijua, kila samaki nikimshika namrudisha mtoni.

Sasa niambieni, huyu ningemrudisha wapi?