Isha ya Stokholm

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na haikuwa hapa Jeddah wala kwetu Tanga. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika bustani ya michezo huko Stokholm, mji mkuu wa Uswidi, nimezungukwa na mikoba ya watu. Umenipigia jana kutoka Malaz, huko Riyadh, kwa furaha, kwamba mabosi wako watakuchukua kwenda mji huo huo kiangazi hiki. Nimefurahi nawe. Lakini kaa kidogo nikusimulie, maana shangazi yako alikwenda huko akarudi na miguu iliyovimba na hasira tele.

Wakati ule nilifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Riyadh. Siku ya kwanza kabisa madam aliniwekea sharti moja nililolipenda: "Ukishasali isha, kazi halas," yaani imekwisha. Na alilitimiza, sina ubaya wa kumsema. Isha ikiadhiniwa, naosha kikombe cha mwisho, nasali, naingia chumbani kwangu, na hakuna aniitaye mpaka alfajiri.

Basi wakanichukua Ulaya. Mimi nikafikiri nakwenda kutembea. Kumbe huko, wakati wa kiangazi, jua halina haraka. Maghribi inaingia wakati watoto wa kwetu wamo usingizini zamani, na isha ndiyo usiseme. Familia ikafurahi mno. Watu waliozoea kujificha joto la Riyadh wamepata jua la kupendeza na kijibaridi, nani atawarudisha hotelini? Kila nikidhani sasa tunarudi, bosi anatazama juu, anasema, "Yalla, twendeni, bado mapema!" Tukapanda feri za kwenda visiwani. Tukatazama askari wa mfalme wakibadilishana zamu. Tukapita vichochoro vya mji wa kale, mimi nyuma nasukuma kigari cha mtoto juu ya mawe. Walipoingia kuona meli ya mbao ya zamani sana, iliyozama ikaibuliwa ikajengewa nyumba yake, mtoto alikuwa analia, nikabaki naye nje. Yote hayo yalinipita tu. Nilikuwa naingojea isha.

Wala sikusema neno. Nilijiambia madam anajua fika sharti letu, ananifanyia kusudi. Nikanuna. Nikanuna asubuhi, nikanuna kwenye feri, nikainunia mpaka chai.

Siku ya mwisho ndipo tukaenda kwenye bustani hiyo ya michezo. Kulikuwa na bembea za minyororo zinazopandishwa juu kabisa ya mnara, kisha zinazunguka na watu wanapiga makelele ya raha. Nikaitamani, mwanangu, kwa roho yangu yote. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na bembea niliyoijua mimi ilikuwa ya kamba. Wenyewe wakaenda kupanda. Mimi nikabaki na mtoto, mikoba, na mama yake madam, bibi mmoja mkali tuliyemwita sote Mama Kabira, yaani mama mkubwa.

Akanikatia kipande cha mkate wake mtamu wenye iliki, unanukia kama mahamri. Nikasema sitaki.

"Tangu tushuke kwenye ndege umekunja uso," akasema. "Nani amekukosea?"

Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini siku hiyo kilitoka chote. "Mama, Riyadh isha ikiingia kazi halas. Hapa isha haiingii!"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shela. Kisha akaacha kucheka.

"Umemwambia binti yangu?"

"Anajua."

"Nimekuuliza, umemwambia?"

"La."

"Basi hajui. Yeye amekuja kustarehe, anaangalia jua, hakuangalii wewe. Umemshtaki kimoyomoyo, ukamhukumu, na mwenyewe hana habari. Adhabu unaitumikia wewe." Akaninyooshea mkono. "Sasa unataka nini?"

Nikaona haya, nikaonyesha mnara kwa kidole.

"Nipe mikoba. Yalla."

Nikapanda. Nilikusanya abaya yangu nikaikalia isipeperuke. Juu kule niliuona mji wote kwa mara ya kwanza, maji yake na minara na zile feri zilizonichosha, na ulikuwa mzuri, mzuri hasa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Chini nilimwona Mama Kabira, mikoba mapajani, anatikisa kigari cha mtoto kwa mguu, na madam amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

Niliposhuka, madam alinigeukia. "Mbona hukuniambia?" akauliza. Hakufurahi, sikufichi. Lakini jioni ile tulipomaliza kula akasema halas, nenda kapumzike, na jua bado lilikuwa dirishani. Kesho yake tukapanda ndege kurudi. Ile meli sikuiona, na mpaka leo sijaiona.

Sisemi kila madam yuko kama yule. Wapo ambao ukiwaambia watakujibu mafi, hakuna, na hapo angalau utakuwa umejua. Lakini usinyamaze ukangoja mtu ausome uso wako. Mapatano mliyofanya Malaz ni ya Malaz. Kabla hujafunga begi, mwambie kwa adabu: "Madam, nasikia huko jua linachelewa kuzama. Kazi yangu itaisha saa ngapi, na siku yangu ya kutembea ni ipi?" Sema ukiwa bado hujakasirika, maana ukishakasirika maneno hutoka yamechacha. Na siku hiyo ukiipata, usiimalize kwa kulala. Nenda kwenye ile meli, uizunguke polepole, kisha unipigie hapa Jeddah, kwangu Ghulail, unieleze ilivyo, ubao kwa ubao.

Mungu akufungulie kinywa kwa wakati wake, akulinde kwenda na kurudi, na macho yako yaione ile meli mimi nikiwa bado hai wa kusimuliwa.