Gurudumu la Udongo Mwekundu

Kusema naona aibu, ndiyo maana naandika. Kidato cha tatu nilikuwa nikiulizwa swali najibu huku naiangalia meza. Sasa mwalimu wa fizikia akanikabidhi mtambo wetu wa upepo: "Siku ya wazazi utaeleza wewe. Lakini taa mbili zisipotulia, mtambo utarudi stoo." Nikafurahi, na nikaogopa.

Mtambo wenyewe ulikuwa mapanga ya bati yanayozungusha gurudumu la baiskeli, dainamo ya kuzalisha umeme ikilisugua pembeni. Newala upepo hatuuombi, unapanda wenyewe kutoka bonde la Ruvuma. Taa moja iliwaka vizuri. Ukiwasha ya pili gurudumu linalegea, zote zinafifia, kama umeme wa mjini kila mara mashine mpya ya kusaga, ya mtu binafsi, ilipoanza kunguruma.

"Linataka uzito," mwalimu alisema. "Kitu kizito kikishazunguka hakisimami upesi. Hata mitambo mikubwa ya upepo inaweza kuisaidia gridi ya umeme hivyo: mzigo ukiingia ghafla, mapanga yake yanaendelea kusukuma umeme kidogo mpaka mitambo mingine iongeze nguvu."

Ulikuwa msimu wa korosho. Mimi na rafiki yangu tukajaza korosho kwenye vifuko, tukavifunga kwenye spoki. Gurudumu likayumba kama mtu aliyetoka kunywa uraka, pombe ya mabibo, kifuko kikapasuka, korosho zikampiga makamu mkuu wa shule mgongoni.

"Nani huyo?"

"Upepo, mwalimu," rafiki yangu akajibu.

Nikalibeba gurudumu hadi nyumbani. Mama alikuwa anakandika ukuta wa jiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo nalo linaumwa nini?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Korosho inatembea ndani ya kifuko, mwanangu! Lilete hapa."

Akachota udongo uleule mwekundu wenye nyasi, akajaza kati ya spoki, donge huku, donge upande wa pili, ili pasiwe na upande mzito. Akalianika kivulini siku tatu. Juani udongo ungepasuka.

Siku ya wazazi gurudumu lilichelewa kuanza kuzunguka. "Limekufa hilo," mtu akasema. Kisha likaanza, polepole, likakolea. Nikawasha taa ya kwanza. Nikawasha ya pili. Zikatetereka kidogo, zikatulia. Upepo ukakata, na bado zikawaka!

"Mbona upepo umekata na taa zipo?" baba mmoja akauliza.

Mwalimu akaniangalia mimi. Nikainua macho kutoka mezani.

"Ni uzito, baba. Gurudumu limeweka nguvu ya upepo uliopita, sasa linairudisha."

"Sema kwa nguvu!" Mama alipaza sauti kutoka nyuma. "Na waambie udongo ni wangu!"

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikafuata. Nami nikacheka, nikaanza tena mwanzo, kwa nguvu.